Giza Ulilobeba Mgongoni

Yaya Solange,

Niwie radhi. Nimekawia mno kukuandikia, na ungekuwa hapa ungeshaniita mvivu mbele ya watu. Kalamu nilikuwa nayo, karatasi nilikuwa nayo, lakini kila nilipokaa chini, neno la kwanza lililokuja lilikuwa lile ambalo sikutaka ulisikie. Nikasema hapana. Nitamwandikia Yaya siku nitakayokuwa na kitu cha kumpelekea. Mtu haendi kwa dada yake mkubwa mikono mitupu, akamkalisha tu na kumlilia.

Leo ninacho. Kwa hiyo kaa vizuri, nyoosha ule mguu wako unaouma, nikuambie polepole. Maandishi yakipinda nisamehe. Mapendo anaota meno, usingizi wangu siku hizi ni wa vipande vipande, na sasa hivi ananivuta sketi akitaka kalamu.

Nianze na ubaya, tuumalize.

Ulipotuacha, kazi yako ya chuo ilibaki mezani kwa mwalimu wako, Daktari Akello. Uliimalizia kitandani, unakumbuka, mimi nikikushikia kompyuta magotini kwa sababu vidole vyako vilikuwa vimevimba. Daktari alitaka upewe digrii yako hata kama hupo. Lakini mtahini mmoja akasema, na simlaumu, ndiyo kazi yake: mwandishi hawezi tena kuja kujibu maswali, basi jaribio lirudiwe, tuone kama namba zinakubali. Kazi hiyo akapewa Nakato, rafiki yako wa darasani.

Nakato akarudia. Akarudia tena. Namba zikakataa.

Alikuja mwenyewe hadi kwetu Namuwongo kutuambia. Alivuka reli na viatu vyake vizuri, akaketi kwenye kigoda cha Mama, akalia kabla ya kusema. Wewe uliandika kwamba bakteria wako wekundu, wakipigwa ile taa ya urujuanimno kisha wakawekwa gizani, wanazaa weupe wengi. Na wakiwekwa kwenye mwanga wa mchana, hata muda mfupi tu, weupe wanapungua sana. Yeye alipata weupe wachache kotekote. Giza na mwanga, sawasawa. Kana kwamba ulichokiandika hakijawahi kutokea duniani.

"Mama," akasema, "huko juu kuna watu wanasema Solange alikuwa mgonjwa sana. Wanasema labda namba zingine alitoa kwa kichwa."

Alilifunga lile neno kwa upole kadiri alivyoweza. Mama akalifungua. Alikuwa anachambua majani ya muhogo ya kupika sombe, hata hakuinua uso.

"Wanasema mtoto wangu alidanganya."

Nakato akafuta macho kwa kiganja.

"Basi matanga hayaondoki," Mama akasema. "Siwezi kufunga kilio cha mtoto wangu na neno hilo limelala juu yake. Tutakaa hivi hivi."

Unamjua Mama. Tukakaa hivyo hivyo. Siku ya kuondoa matanga tulikuwa tumeshaipanga, wajomba wameshaambiwa, akawarudisha. Mkeka ukabaki sakafuni. Nywele hazikusukwa. Watu wa kanisani walipita wakiuliza, "Mama Solange, bado?" naye anajibu, "Bado," na wanaondoka. Mchungaji alikuja kumwambia kwamba kilio kikizidi sana kinamzuia marehemu kupumzika. Mama akamwambia, "Yeye mwenyewe hapendi kupumzika kazi ikiwa haijaisha."

Mimi, Yaya, nilijua hukudanganya. Sikujua kwa elimu. Elimu yangu unaijua ilipoishia, iliishia barabarani siku tulipokimbia, na daftari langu likabaki Uvira. Nilijua kwa sababu ulinieleza, ukanieleza kwa vitu vyangu mwenyewe.

Ulikuwa umekaa kando ya cherehani yangu pale njiani, karibu na reli, mimi nashona sare za shule, nimechoka, mimba ya Mapendo inanisukuma mbavu. Nikaunganisha mkono wa shati pande mbili zisizopaswa kuonana kabisa. Nikasonya. Wewe ukalichukua lile shati ukacheka kwa pua, kile kicheko chako kibaya.

"Faida, hiki ndicho taa yangu inachofanya."

Ukaniambia ndani ya kila bakteria kuna uzi mrefu wa maagizo, na kwenye uzi huo kuna agizo moja linasema: kuwa mwekundu. Taa ya urujuanimno ikiupiga, inashonanisha nukta mbili zilizo jirani ambazo hazikupaswa kushonwa pamoja. Bakteria akitaka kuzaa lazima aunakili uzi wote. Akifika kwenye mshono mbaya anakwama. Wengi wanafia hapo. Wengine wanabahatisha, wanapita, na wanapobahatisha wanakosea. Mtoto anazaliwa na agizo lililoharibika, anakuwa mweupe, na watoto wake weupe, na wajukuu weupe, haurudi tena wekundu.

"Lakini," ukasema, ukanyoosha kidole kama mwalimu, "ndani humo humo kuna fundi mdogo. Kazi yake ni kufumua mshono ule ule tu. Ila fundi huyu hali ugali. Anakula mwanga. Mwanga wa kawaida, wa dirishani. Ukimwacha gizani anakaa tu na wembe wake mkononi. Ukimpa mwanga kabla uzi haujanakiliwa, anafumua, uzi unarudi kama ulivyokuwa, na mtoto anazaliwa mwekundu."

Nikafumua lile shati kwa wembe, nikikuangalia. Nikakuuliza swali ambalo lilinitoka tu: "Na damu yako wewe, Yaya? Haina fundi?"

Hukukasirika. Ulikaa na selimundu tangu ukiwa mtoto, uliizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Ukasema, "Yangu ni mshono wa kiwandani, mdogo wangu. Nilitoka nao dukani. Fundi wa mwanga hafumui wa kiwandani." Halafu ukaniomba nikukune mgongo.

Mtu anayetunga hasemi hivyo. Hilo lilikuwa lote nililokuwa nalo, na halikuwa kitu cha kumpelekea mtahini.

Sasa nisikilize vizuri.

Siku ile ile ya habari mbaya, Nakato akiwa bado kwenye kigoda, machozi yamekauka, anatafuta namna ya kuaga, Mapendo akaamka akalia. Nikachukua kile kikwembe changu kizito, cha buluu inayokaribia weusi, nikainama, nikamrusha mtoto mgongoni, nikafunga. Nakato alikuwa ananitazama na uso wa msiba. Nikataka tu acheke kidogo kabla hajapanda kwenda kwao. Nikamwambia, "Unakiona hiki kikwembe? Kimebeba watoto wawili. Huyu, na sanduku la Solange."

"Sanduku gani?"

Nikashangaa kwamba hajui. Lakini angejuaje? Ulifanya kazi ile wakati wa likizo ndefu, naye alikuwa kwao Masaka. Nikamweleza. Chumba cha taa kiko kwenye jengo la zamani, lile lisilo na madirisha, na kabati la joto liko jengo jipya, ng'ambo ya uwanja. Mkono mmoja ulishika fimbo yako kwa sababu ya nyonga, mkono mwingine ulihitajika kwa milango. Sahani za bakteria ungezibeba na nini? Ukaniazima kikwembe. Kule kule chumba cha taa ulizitia sandukuni, ukalizungushia kikwembe kilichokunjwa mara tatu, ukalifunga mgongoni kama mama, ukavuka uwanja na fimbo yako. Mzee Rajabu, yule mlinzi Mnubi, alikuwa anakungoja kila asubuhi ili akuchokoze kwa jina la mama wa mapacha.

"Nnalongo! Mapacha wameamka?"

"Wamelala, Mzee. Na usiwafunue, hawa hawapendi jua."

Ulikuwa unarudi nyumbani unatusimulia, Mama anacheka hadi anashika mbavu. Sisi tulidhani ni mzaha wa Mzee Rajabu tu. Tulidhani ni habari ya fimbo.

Nakato akasimama. Kigoda kikaanguka.

"Banange," akasema. "Ngoja. Ngoja kwanza. Sisi tulibeba kwa treyi."

"Treyi gani?"

"Treyi wazi! Tulipita hapo kwa uwanja, jua kama nini, tunapiga stori. Mimi nilisimama hata kusalimia mtu! Halafu tukafika kule, tukaweka gizani, tukafunga kabati vizuri saaana." Akajipiga paji la uso. "Mama! Huyu mtu alikuwa anabeba giza mgongoni!"

Mama akainua uso kwa mara ya kwanza.

Ulikuwa umeandika, "Ziliwekwa gizani mara moja." Kwako wewe hiyo mara moja ilianza pale taa inapozimwa. Kwao ilianza kwenye mlango wa kabati. Katikati kulikuwa na uwanja na jua la Kampala, na yule fundi wako mdogo alikula akashiba, akafumua kazi yote kabla hawajafika ng'ambo. Sahani zao zote, za giza na za mwanga, zilikuwa zimeshaoga mchana. Ndiyo maana zilifanana! Na wewe uliandika nini? Kwamba hata mwanga wa muda mfupi tu unatosha. Yaya, wale waliokwenda kukukanusha walikuthibitisha kwa miguu yao wenyewe, huku wanapiga stori.

Nilipiga kigelegele kimoja, kikamshtua Mapendo, akaanza kulia upya. Sikujali.

Daktari Akello alipoelezwa hakubisha. Nakato anasema alicheka peke yake. Akasema habari za fundi wa mwanga amezifundisha miaka yote, ila ule uwanja hakuna aliyeufikiria. "Tunaupita kila siku," akasema, "hata hatuuoni tena." Akaomba jaribio moja la mwisho, na akaomba kikwembe kije.

Kikwembe hakiendi bila mimi, nami siendi bila Mapendo. Tukapanda wote hadi Wandegeya, tukaingia getini kwa chuo. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu ya Jumapili na nilikuwa naogopa, sikufichi. Nilipofungua kikwembe ili kitumike, mtoto akabaki bila mbebaji. Daktari akanyoosha mikono, "Lete huyo." Akambeba mwenyewe, na koti lake jeupe la maabara, na Mapendo bila haya akamtapikia maziwa begani. Nikataka ardhi inimeze. Daktari akasema, "Acha tu, mama, hili koti limeshaona mabaya kuliko haya."

Kwenye chumba cha taa Nakato akajaribu kujifunga sanduku mgongoni. Fundo lake, Yaya! Fundo la mtu ambaye hajawahi kubeba mtu. Likateleza mara ya kwanza, likateleza tena. Nikamwambia, "Kaa kando, dada. Mapacha wa Solange hawaanguki leo." Nikainama, nikalipandisha, nikakaza. Sanduku lilinikaa kati ya mabega. Halikuwa zito. Lilikuwa na ule uzito wa mtoto anayelala.

Tukatoka nje pamoja. Nakato kando yangu na treyi yake wazi, makusudi, sahani zinameremeta juani. Mimi na giza langu. Nilitembea polepole kama ulivyokuwa unatembea. Sikupanga hivyo, miguu ilijiendea. Mzee Rajabu alikuwa amekaa getini. Aliona kikwembe, akaona sanduku, akasimama. Akavua kofia yake.

"Nnalongo amerudi," akasema, polepole tu, kwa nafsi yake. Halafu akageukia ukutani.

Sikuweza kumjibu. Ungekuwa wewe ungemjibu.

Kisha tukangoja bakteria waote. Sitakuambia nilivyongoja, wewe ndiye uliyezoea.  Mama aliosha sufuria zilizokwisha oshwa.

Waliponiita Daktari alikuwa amezipanga sahani mezani, za treyi upande huu, za kikwembe upande ule. Akaniambia, "Mama Mapendo, usiogope, kuja uangalie. Hii haihitaji shule."

Kweli haikuhitaji. Za treyi zilikuwa zimejaa, nyekundu tupu, kama mtu aliyemwaga mawese juu ya meza, ukitafuta cheupe unatafuta kwa kidole. Za kikwembe zilikuwa na wachache, maana wengi walikufa. Lakini kati ya hao wachache, weupe! Hapa weupe, pale weupe, kama punje za mchele zilizoangukia kwenye mawese. Ulivyoandika. Vile vile ulivyoandika, ukiwa na vidole vilivyovimba na kompyuta kwenye magoti yangu.

Nakato akaanza kuhesabu kwa sauti, sauti ikamkatika njiani, Daktari akaendelea pale alipoishia.

Mtahini alikuja naye. Mwanamume mfupi, mpole, wala si yule nilivyomchora kichwani. Aliinamia sahani kwa muda. Kisha akaniuliza mimi, "Kitambaa kilikunjwa mara ngapi?" Nikamwambia mara tatu, na kiwe kizito, na ukikiinua juani usione hata nukta ya nuru. Akaandika. Akamgeukia Daktari, "Kiingizwe kwenye kazi yake. Mtu mwingine akirudia ajue." Kwa hiyo, Yaya, kikwembe changu cha kubebea mtoto kimo kwenye kazi ya chuo kikuu, chini ya jina lako, kimeelezwa hadi mikunjo yake. Ukicheka kwa pua nitakusikia.

Daktari aliomba kikwembe kibaki maabara. Aliomba vizuri, kwa heshima. Nikamwambia, "Hapana, Daktari. Hiki kina mtu wa kubebwa." Nakato amepaka sanduku rangi nyeusi ndani na nje, amelishonea mfuniko wa kitambaa kizito. Niliushona mimi, kwa kweli, yeye alishika tu taa. Wanafunzi wapya wanalibeba mgongoni kuvuka uwanja. Wanaliita Nnalongo.

Na mahafali. Mama alisukwa nywele siku moja kabla. Alivaa kile kikwembe chake cha maua makubwa ambacho hakukigusa tangu siku yako. Walitueleza kwamba jina la marehemu likisomwa watu husimama kimya. Jina lako likasomwa lote, la baba na lako. Watu wakasimama kimya. Mama akasimama pia, lakini kimya hakukijua. Alipiga kigelegele, kirefu, kilichotoka kule kule alikokuzalia. Wote wakageuka. Nikasema moyoni, sasa watatutoa nje. Nakato akajibu kutoka mistari ya wahitimu. Mwingine akajibu nyuma yetu, nisiyemjua, halafu hema zima. Mama alikwenda kupokea kile cheti kwa mikono miwili, akakiweka mgongoni kwanza, kama mzaha, kama anataka kukifunga na nguo, ndipo akakileta kifuani.

Jioni ile mkeka ulikunjwa. Tulipika sombe na samaki, tukasonga fufu, wajomba wakarudi, Nakato akaja, Mzee Rajabu akaja na sukari. Matanga yakaondoka kwa vicheko. Mtu akipita nje na kuuliza, "Bado?" Mama anajibu kwa sauti ya kusikika hadi relini, "Imekwisha! Mtoto wangu alisema kweli!"

Jambo lingine, la mwisho na la kwanza. Mapendo alipimwa damu kuona kama ana selimundu. Hana. Nilikuwa nimekaa na hofu hiyo chini ya ulimi tangu alipozaliwa, sikumwambia hata Mama. Hana, Yaya. Uzi wake umetoka salama.

Nakuaga sasa, maana amelala na nguo zinaningoja. Nakuahidi hili: akianza kuuliza mambo, kabla hajajua kusoma, nitamwambia nguo iliyombeba ilibeba nini na ilibebwa na nani. Nitamfundisha lile fundo. Na mtu yeyote akitaja jina lako kwa shaka mbele yangu, nitamvusha ule uwanja mwenyewe, na sanduku mgongoni.

Pumzika, basi. Kazi imeisha.

Ila bado nina mahitaji, na huku sina wa kumwomba. Nitumie usingizi wa mchana mmoja, wote, usiokatwa. Nitumie ulikoficha ufunguo wa sanduku lako la bati, tumepekua hadi chini ya mawe ya jiko. Nitumie ulivyokuwa unamnyamazisha Mapendo akiwa tumboni, yale maneno uliyosema ukiwa umeweka mdomo kwenye kitovu changu, nimeyasahau nusu. Nitumie jibu la kumpa Mzee Rajabu kila nikipita, maana ananingoja. Nitumie kile kicheko cha pua, hata kimoja. Nitumie giza kidogo la kuziba matundu ya bati, jua linamwamsha mtoto. Na kama huko uliko kuna mwanga, ule wa dirishani, wa kawaida, nitumie habari moja tu: kama nao una fundi, na kama amefika kwenye mshono wako.

Mdogo wako,
Faida